Kabla ya Kumtazama Mtoto wa Mbwa, Mtazame Mama Yake

Maneno haya niliwaambia Waswahili wenzangu tuliokutana Duluth, Minnesota, wiki ya mbio za mbwa za John Beargrease. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Na nyinyi mliobanana mlangoni, sogeeni huku mbele. Baridi ya mlango ule naijua, haina haya.

Nimeombwa niseme juu ya mbwa. Najua kuna waliokuja kwa ajili ya biriani, na kuna waliokuja kumwona huyo mwanamke wa Tanga aliyekwenda kusoma Alaska akaishia kuzoa mavi ya mbwa. Wote karibuni. Ni kweli nilizoa. Nimezoa vipupwe 11, nje kidogo ya Fairbanks, na kipupwe chao si kile chetu cha Juni cha kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Siku ya kwanza nilipofika kwenye ule uwanja, mbwa 42 wakabweka kwa pamoja. Nilisimama getini nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Nilipompigia mama simu kumwambia kazi niliyoipata, alinyamaza. Kisha akauliza, "Wakikulamba unaosha mara saba?" Nikasema naosha. "Na ile moja kwa udongo?" Nikamwambia, mama, huku udongo umekuwa jiwe tangu Oktoba. Alicheka mpaka simu ikakatika. Tangu siku hiyo, kabla hajaniuliza mimi mzima au mgonjwa, alianza na "Mbwa hawajambo?" Mambo ya twahara kila mtu ana sheikh wake wa kumwuliza, na mimi si sheikh. Najua tu kwamba hata wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao pale kizingitini.

Sasa jambo lililonileta. Jana tulipokuwa kando ya njia tukiwatazama mbwa wakipita, kijana mmoja, yumo humu na simtaji, alinionyesha picha kwenye simu. Watoto wawili wa mbwa wanauzwa. Macho ya buluu, manyoya kama ya mbwa mwitu, wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha ya pasipoti. Anataka kumnunua mmoja, ikiwezekana wote wawili, na baada ya miaka miwili aingie katika mbio hizi. Akaniuliza, "Shangazi, nimchague yupi?"

Nikamwambia asichague hata mmoja. Akanuna. Basi maelezo ni haya, na nyinyi wengine mnasikiliza kwa hisani yake.

Kwanza tuelewane mbwa tunamtakia kazi gani. Huyo John Beargrease ambaye mbio zimepewa jina lake hakuwa mwanamichezo. Alikuwa Mwanishinabe, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, mbeba barua kati ya Two Harbors na Grand Marais mwishoni mwa karne ya 19, kwa mashua wakati wa joto, na kwa sleji, kile kigari cha kuteleza kinachovutwa na mbwa, nchi ikishaganda. Hakuna aliyemwuliza mbwa wake wana macho ya rangi gani. Barua ilitakiwa ifike. Mbio za leo zenye jina lake ni kama kilomita 480. Zile za Iditarod kule Alaska, kutoka upande wa Anchorage mpaka Nome, ni kama 1,600. Kwa sisi tuliozoea mabasi, toka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni kilomita 1,100 na ushei; kwa hiyo ukishafika Mwanza bado una safari. Mwaka 1973 zilipoanza, mshindi wa kwanza, Dick Wilmarth, alitumia siku kama 20. Mwaka 2017 Mitch Seavey alimaliza kwa siku 8 na saa kadhaa. Njia imeboreka na vifaa vimeboreka, lakini zaidi ya hayo mbwa wamelelewa vingine.

Na mwendo wenyewe si wa kutimka. Mnakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, alfajiri, mmepanga mistari mnaimba? Ndio huo. Mbwa wa masafa marefu anakwenda mchakamchaka, kilomita 13 hadi 16 kwa saa, saa nyingi, anapumzika, anakula, anarudia, siku tisa. Yule anayetimka kama risasi dakika kumi za kwanza anawapendeza watazamaji pale mwanzoni. Baada ya kilomita 300 tunamkuta amelala kituoni anasubiri ndege ya kumrudisha nyumbani.

Halafu mbwa mwenyewe si yule wa kalenda. Huyu wa mbio ndefu anaitwa haski wa Alaska, na ukimwona mtaani utamfukuza. Mwembamba, kilo 20 hivi, wengine 25, sikio moja limesimama na jingine limelala, rangi yoyote ile. Ni mchanganyiko wa mbwa wa vijiji vya wenyeji wa Alaska, wa Siberia, na damu ya mbwa wa kuwindia. Kwa lugha ya nyumbani ni mbwa koko aliyesomeshwa. Hana cheti cha ukoo katika vyama vya mbwa, ingawa watafiti waliochunguza vinasaba vyake mwaka 2010 walikuta amekwisha kuwa kabila lake mwenyewe. Miaka mingi watu wamekuwa wakimzalisha yule aliyefika, bila kujali sura, na ukifanya hivyo vizazi vya kutosha kunatokea kitu.

Kijana wangu, macho ya buluu hayavuti sleji.

Tuje kwenye kuchagua. Mtu atasema, basi mpeleke mtaalamu amchagulie. Nitawapa habari ya mtaalamu. Leonhard Seppala, Mnorwe aliyehamia Nome, alikuwa bingwa kuliko wote wa zama zake. Mwaka 1913 alizaliwa kwake mtoto mmoja wa mbwa, mdogo, mgonjwa wa koo, msumbufu. Seppala akamwona si kitu, akampa mama mmoja amfuge nyumbani. Inasimuliwa kwamba yule mtoto alipasua kioo cha dirisha, akarudi kwa miguu yake. Akiwa na miezi minane akawa anafungua kamba na kuwafuata wakubwa njiani, anawachokoza, mpaka Seppala kwa kuchoka naye akamfunga pamoja na wengine. Jioni ya siku hiyo alikuwa amekimbia kama kilomita 120, naye yuko mbele kabisa, bega kwa bega na kiongozi. Jina lake Togo.

Mwaka 1925 dondakoo ilipoingia Nome na dawa ikawa imefika Nenana kwa treni, waendesha mbwa 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana kilomita 1,085 mpaka Nome kwa siku tano na nusu. Kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote, pamoja na kukatiza barafu ya bahari ya Norton Sound, alikiongoza Togo, naye ana miaka 12. Kipande cha mwisho kilimwangukia Balto, na Balto ndiye aliyejengewa sanamu New York mwaka uleule. Sasa sikilizeni: Balto naye alikuwa mbwa wa Seppala, na Seppala hakumhesabu kuwa kiongozi wa maana. Yule bingwa alikosea mara mbili, na makosa yake yote mawili yana sanamu.

(Nikiwa hapo hapo: hizo kilomita 120 kwa mtoto wa miezi minane msiziige. Ni hadithi nzuri na ni ulezi mbaya. Nitarudi huko, maana nina dhambi yangu.)

Kama Seppala hakuweza kuona, wewe na picha ya simu utaona nini? Mtoto wa wiki nane hajawa kitu bado. Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma, na sijui kama walikuwa na mbwa akilini, lakini imewaenea sawasawa.

Ndiyo maana nasema mtazame mama. Usimtazame umbo lake tu, sikiliza habari zake. Amekimbia mbio gani? Akichoka anakula? Hilo la kula ndilo la kwanza na ningeweza kulizungumza mpaka kesho. Mbwa wa mbio ndefu anahitaji kama kalori 10,000 kwa siku, mara nne ya mtu mzima, tena katika baridi ya sifuri kushuka 30 au 40. Mafuta ya wanyama, samaki wa kugandishwa aliyekatwa vipande kwa shoka, nyama, mchuzi wa moto wenye chakula kikavu ndani. Mbwa anayenusa bakuli halafu akageuza uso, hata awe na miguu ya dhahabu, hafiki. Na ulaji huo ni wa kurithi kuliko watu wanavyodhani. Jike lenye kuchagua chakula hutoa watoto wenye kuchagua chakula. Lance Mackey, marehemu sasa, aliyeshinda Iditarod miaka minne mfululizo kuanzia 2007 baada ya kuugua saratani ya koo, wengi wa mbwa wake walitokana na dume mmoja aliyeitwa Zorro. Watu walitazama kasi. Yeye alisifia ulaji na ugumu.

Uliza pia juu ya miguu ya huyo mama. Vidole vimefumbata kama ngumi, au vimetawanyika theluji inaingia katikati? Manyoya yana tabaka mbili, lile la ndani zito kama pamba? Na usiishie kwake. Usiniambie baba alishinda mbio fulani. Niambie ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wangapi na wangapi walifika. Uzazi wa watoto saba uliotoa nyota mmoja na wavivu sita, mimi siutaki. Nipe saba ambao watano kati yao walifanya kazi na hakuna anayewakumbuka majina.

Sasa niwape habari zangu, kwa sababu naona mnaanza kuniona mjuzi.

Mwaka wangu wa tatu, mzee mwenye banda aliniachia uzazi mmoja nitoe majina. Huko ni desturi, kila uzazi una mtindo wake wa majina ili miaka ikipita ukumbuke nani ndugu wa nani. Wapo wanaowaita kwa majina ya jibini, ya nyota, ya aina za bunduki. Mimi nikasema, hawa watakuwa wa mnazi. Walikuwa sita: Upunga, Kidaka, Kitale, Dafu, Koroma, na Nazi. Mzee akasoma orodha, akavua miwani, akasema huyu wa mwisho huwezi kusimama katikati ya watu ukamwita kwa sauti. Nikamwambia ni tunda. Akasema, kwenu ni tunda. Ilinichukua dakika nzima kuelewa kwamba kwao hilo ni jina la watu wa Hitler, wakati huo ameshakuwa mwekundu. Tukambadilisha akawa Mbata.

Katika sita hao nilimpenda Dafu. Dume, mkubwa, kichwa kizuri, wa kwanza kufika bakulini, wa kwanza kutoka nje, anawapanda wenzake mgongoni. Nikasema huyu ndiye kiongozi. Mzee alikuwa anachonga mpini wa shoka, hakuinua macho. "Nitakuambia baada ya miaka miwili," akasema.

Malezi yao yalianza siku ya tatu, kabla macho hayajafunguka. Nilikuwa nawashika mmoja mmoja dakika chache, kila siku, nawagusa masikio, mdomo, na zaidi ya yote vidole vya miguu. Susan Butcher, aliyeshinda Iditarod mara nne, alisifika kwa kuwashika watoto wake tangu wanapozaliwa, na sasa najua kwa nini. Mbwa wa mbio huvalishwa vijiatu vya kitambaa visichanike nyayo. Mbwa 14, miguu 56, na unavivalisha kwa vidole vitupu kwa sababu glovu haiwezi kufunga kile kijimkanda. Mbwa anayevuta mguu wake kila unapoushika anakula sekunde zako, na katika baridi ile sekunde ni ngozi ya vidole vyako. Yule aliyeshikwa vidole tangu siku ya tatu anakupa mguu huku anatazama kwingine kama mama anayesukwa nywele.

Mambo ya dawa nitayapita haraka, si kwa sababu ni madogo. Dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili. Chanjo kuanzia wiki ya sita au ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ugonjwa wa parvo unaua watoto kwa siku chache na unakaa ardhini muda mrefu, kwa hiyo mgeni haingii kwa watoto na viatu alivyovaa kwenye banda la jirani, awe nani. Niliwahi kumvua viatu mwenye hadhi yake. Alisimama na soksi kwenye matope, akanisamehe baadaye.

Kwenye chakula kuna kosa watu wanalifanya kwa upendo. Wanawanenepesha. Mtoto mnene anaharibu viungo kabla havijakomaa. Mbavu unatakiwa uzihisi ukipitisha mkono. Na usimzoeze bakuli moja na pahala pamoja. Sisi tulibadilisha makusudi: leo mchuzi, kesho samaki mgumu, leo kwenye sufuria, kesho juu ya theluji, gizani, kwenye upepo, mtu mgeni anawapa. Mtoto ajue kwamba chakula ni chakula. Hata maji tuliyatia mchuzi kidogo, kwa sababu ukiwa njiani ni wewe unayeamua mbwa anywe lini, siyo kiu yake.

Kisha ni matembezi, na hapa ndipo nilipopenda kazi. Kuanzia wiki ya nane au ya tisa tulikuwa tunawafungua wote sita na jike mzee mmoja, tunaingia msituni. Hakuna kamba, hakuna amri. Wanakuta gogo limelala njiani, wanakuta kijito. Ukikaa kimya ukatazama, unaanza kuwajua. Dafu alilirukia gogo kwa kifua, akaanguka, akalirukia tena palepale, akaanguka. Mbata alikaa akalia. Upunga, jike la kijivu ambalo sikuwa nimelitia maanani hata kidogo, alitembea kwa kufuata gogo mpaka akapata pahala limeoza, akapita, akaendelea na safari bila kutazama kama kuna aliyemwona. Mimi nilimwona, nikasahau. Macho yangu yalikuwa kwa Dafu.

Miezi sita au minane ndipo wanapovishwa mikanda ya kuvutia kwa mara ya kwanza. Inakuwa Septemba, theluji bado, kwa hiyo wanavuta pikipiki ya magurudumu manne injini ikiwa inawasaidia. Mtoto anawekwa pembeni ya mbwa mzee mtulivu, asiye na ugomvi, aliyekwisha kuona kila upuuzi. Kilomita tatu, nne. Unasimama huku bado wanalia wanataka kwenda. Hiyo ndiyo siri nzima ya mwaka wa kwanza na ni ngumu kuliko inavyosikika, maana na wewe unataka kwenda. Mtoto hatakiwi kujua kwamba kuna kushindwa. Akilala na hamu, kesho anaamka nayo.

Sasa dhambi yangu. Oktoba moja mzee alikwenda mjini, mimi nikabaki na mbwa. Dafu ana miezi saba, anavuta kama trekta, wenzake wananichosha na utoto wao. Nikamtoa, nikamweka katikati ya wakubwa wenye kasi, nikasema leo nitaona. Mpaka kilomita ya 12 alikuwa mfalme. Ya 15 akaanza kuyumba. Ya 17 akakaa chini huku wenzake wanakwenda, akaburutwa hatua kadhaa kabla sijafunga breki. Hakuumia mwilini. Nilimbeba nikamweka mbele yangu kwenye pikipiki, tukarudi. Njia nzima hakunitazama.

Kuanzia siku hiyo Dafu alikimbia akitazama nyuma. Kila dakika chache anageuza shingo, kama mtu anayedaiwa. Mbwa anayetazama nyuma hawezi kuongoza, kwa sababu anawaambukiza wengine shaka. Ilituchukua kipupwe kizima, matembezi mafupi, mkokoteni mtupu, kumrudishia moyo, na ukarudi nusu. Mzee hakunigombeza. Alinipa beleshi akaniambia upande wa kaskazini wa uwanja haujazolewa. Nikazoa wiki mbili.

Mnataka kujua wengine walikuwaje. Upunga aliongoza misimu minne. Koroma na Kitale walikuwa mbwa wa nyuma kabisa, jirani na sleji, wanaopokea mishtuko yote ya kona. Hakuna aliyewahi kuwasifu, na sikumbuki siku waliyoacha chakula. Mbata alikuwa wa kawaida. Na msiseme basi, siri ni kumchukua yule mdogo kama Togo. Kidaka alikuwa mdogo kuliko wote, na hakupenda kuvuta hata siku moja. Analala kwenye kochi la mwalimu wa shule pale mjini na ana uzito usiosemeka.

Kuna fundisho moja la mwaka wa pili ambalo watu wa nje hawalijui: kulala. Mtoto akisimamishwa njiani, akawekewa nyasi kavu, hawezi kutulia. Anacheza na nyasi, anatafuna mkanda wa mwenzake, anabwekea mwezi. Wakati huo mbwa mzee pembeni yake ameshajizungusha mara tatu, mkia juu ya pua, amelala kabla sijamaliza kuwasha jiko. Katika mbio hizo saa chache ndizo zinazomjenga upya, na anayezipoteza kwa kusimama anazilipa kesho yake. Kwa hiyo tulikuwa tunatoka nao kulala msituni, usiku baada ya usiku, bila mbio yoyote mbele yetu, mpaka wajifunze kwamba nyasi ikimwagwa, macho yanafumbwa. Baadaye ndipo wanapelekwa kwenye mbio halisi kama kundi la wanafunzi. Mwendeshaji wa kundi hilo anajua tangu mwanzo hatashinda. Anapitwa na kila mtu, anapumzisha sana, anataka wafike wakiwa wanatingisha mikia. Ukiona katika matokeo mtu wa nafasi ya 30 na ushei anacheka kuliko wa pili, huenda ni yeye.

Hapa sina budi kusema na la upande wa pili, kwa sababu jana niliona wenye mabango ya kupinga mbio hizi. Zamani, katika mabanda mengi, mtoto asiyefaa aliuawa. Ilisemwa wazi, bila haya. Leo banda linaloheshimika haliwezi kufanya hivyo, na wasiovuta wanatafutiwa nyumba kama Kidaka, lakini historia hiyo ipo. Wenye mabango wanasema pia juu ya mbwa kufungwa kwa mnyororo kila mmoja kwenye nguzo yake. Nimewaona wanaoishi vizuri kwenye mnyororo, wanafunguliwa, wanatembezwa, wanajua majina yao. Nimewaona pia mahali ambapo mnyororo ndio maisha yote. Tofauti ni idadi ya mikono. Mtu mwenye mbwa 60 na msaidizi mmoja, hata awe na moyo wa malaika, hawezi kumshika kila mmoja vidole.

Na theluji nayo si ile. Mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025 Iditarod ilihamishiwa mwanzo wake Fairbanks kwa sababu njia ya kusini haikuwa na theluji ya kutosha. Hizi mbio za hapa kwenu nazo zimewahi kufutwa kwa sababu hiyo hiyo. Anayeanza kulea mbwa leo alipange hilo katika hesabu.

Basi turudi kwa kijana wangu, anatazama saa. Usinunue wale wawili. Watoto wawili wa tumbo moja, mikononi mwa mtu mmoja asiyejua, watafundishana wao kwa wao na wewe utakuwa mgeni nyumbani kwako. Nenda kwenye banda, omba kazi ya kipupwe kimoja. Usidhani hawatakupokea kwa sababu ya rangi yako au kwenu kuna joto. Newton Marshall alitoka Jamaika, ambako barafu inapatikana kwenye glasi, na mwaka 2010 alimaliza Iditarod. Baada ya kipupwe hicho, ukiwa bado unataka, omba mbwa mzee. Aliyestaafu kuongoza, miaka tisa au kumi, wanapewa watu mara nyingi na hawauzwi ghali. Yeye atakufundisha kulia na kushoto, atakukatalia ukitaka kumpeleka kwenye barafu nyembamba, na atakuonyesha mbwa aliyelelewa anafananaje. Mtoto utamchukua baadaye, na ukimchukua utakuwa na mwalimu wa kumweka pembeni yake.

Kuna mwanamke namfahamu, banda lake liko saa moja na nusu kaskazini ya hapa. Ana jike aliyezaa wiki tatu zilizopita. Nimemwona huyo jike akila baada ya safari ya usiku kucha, alilamba bakuli mpaka likageuka. Kesho saa kumi na mbili alfajiri nakwenda kumsaidia. Gari lina nafasi moja. Uje na viatu ambavyo hujawahi kuingia navyo kwenye banda lolote. Beleshi ninalo.

Biriani iko pale nyuma, wazee watangulie.